Anzeni Mchoro na Njia ya Kutokea

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini niseme na ninyi mnaochora njia za wageni, na walionisikia mwaka jana wanajua zitaishia wapi: Korongo la Njorowa. Vumilieni.

Hifadhi ya Hell's Gate, kule Naivasha, liliko korongo hilo, wengi wenu mmefika. Basi mkishuka tena korongoni, pale kuta zinapobana hadi unazigusa zote mbili kwa mikono, inueni macho. Mimi niliona kijiti kimekwama ufani, juu ya kichwa changu, na patipati moja ya buluu imenaswa nacho. Nikawauliza wanafunzi niliokuwa nao: nani kaitundika? Mmoja akajibu, "Nyani, mwalimu." Nyani! Ni maji, ndugu zangu. Patipati ile ndiyo iliyonipa kimo cha mafuriko, bure, bila mtambo.

Aprili 2012 maji yaliwachukua vijana 7 wa kanisa. Septemba 2019 yakachukua watu 7 wengine. Najua kuna anayewaza: si wangetazama mawingu? Mawingu gani? Mvua inanyesha huko juu, wewe huku unachomwa na jua, unakanyaga mchanga mkavu. Kuta zenyewe kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano yaliyoshikamana. Zikilowa, kucha zako zinazama tu. Na maji yaliyokuwa ya magoti penye upana, yakifika penye wembamba ni ya shingo.

Kwa hiyo msinichoree njia ya kuingilia kwanza. Nichoreeni za kutokea. Tembea korongo zima na saa mkononi: kutoka hapa uliposimama, mtoto atachukua muda gani kufika juu ya ile patipati? Zikizidi dakika mbili, weka ngazi ya chuma, ifungwe kwenye mwamba mgumu, si kwenye majivu. Antelope Canyon kule Arizona walikuwa na ngazi za mbao. Tarehe 12 Agosti 1997 maji yakazisomba, wakafa watu 11. Leo ngazi ni za chuma.

Mtaniambia chuma kinaharibu mandhari. Wakati wa kuopoa maiti sijamsikia mtu akizungumzia mandhari. King'ora je? Kiwekwe, tena mbali huko juu ya mkondo, lakini bila ngazi kitawapa watu habari tu, hakitawapa pa kukimbilia.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, harakaharaka, nimalizie na baiskeli za wageni. Zibaki juu, zisishushwe korongoni. Breki zikaguliwe langoni kabla hujalipa, maana za kukodi mnazijua. Vichaka vya kwenye kona vifyekwe, nyati umwone yeye angali mbali. Penye vumbi jingi kwenye mteremko, mwagieni kokoto na kuzishindilia. Vibao nilikuwa na picha zake hapa... haya, tuziache.

Maswali? Ndiyo, wewe kijana wa nyani, anza.