Nakili Kwanza: Mhadhara kwa Wapenzi wa Kompyuta Kuhusu Vifaa vya Marehemu

Ndugu mwenyekiti, nanyi wapenzi wenzangu wa kompyuta, nawashukuru kwa kunipa tena nafasi ya kusema jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisikia kwangu mara tatu au nne. Mwenzetu mmoja ameniambia pale mlangoni kwamba anaweza kuutoa mhadhara huu badala yangu kwa kuwa ameukariri. Nimemjibu kwamba nitauacha siku nitakapoacha kuletewa kompyuta za marehemu zilizokwisha kufomatiwa, yaani kufutwa zianze upya, na mafundi wa hiari, wenye nia njema kama yeye.

Hapa mezani pana diski ya zamani ya gigabaiti 320. Ni yangu mwenyewe, haimhusu marehemu yeyote, na ni mbovu. Nimeianzishia kazi ya kunakiliwa kabla hamjaketi, na mkiisikia ikigonga, iacheni igonge, nitaifikia baadaye.

Sitawaeleza diski ni nini, wala mfumo endeshi ni nini, maana hilo tunalijua hadi tunakera watu majumbani mwetu. Nina neno moja tu la kuwaambia. Rafiki yako akifiwa, kisha akakukabidhi kompyuta ya mtu wake aliyefariki, usiitengeneze. Inakili kwanza. Na kunakili ninakokusema ni kuichukua diski nzima, sekta kwa sekta, yaani kipande kwa kipande, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila wewe kuchagua lipi lina maana na lipi halina.

Neno hili sikulipata kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu alifiwa na kaka yake. Nilikwenda kumpa pole, nikakaa, nikanyamaza, kama mtu yeyote anavyofanya asipokuwa na la kusema. Majuma mawili baadaye alinipigia simu akaniambia, "Ndugu yangu, kuna kompyuta mpakato ya marehemu. Nataka mwanawe aitumie kwa masomo. Ifute yote, iwe kama mpya, mtoto asikutane na mambo ya wakubwa." Mnaweza kufikiri nilivyofurahi. Kwa majuma mawili nilikuwa sina msaada wowote wa kumpa rafiki yangu, na sasa ameniomba kitu ninachokijua kuliko vyote. Niliifungua usiku uleule, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikabadilisha gundi ya joto juu ya prosesa, nikafuta sehemu zote za diski, nikasimika mfumo endeshi upya. Kazi nzima haikufika saa mbili. Nilimpelekea asubuhi ikiwa inang'aa, naye alinishukuru sana, nami nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Juma la tatu akapiga simu tena. Kumbe marehemu, kila aliposafiri kikazi, alikuwa akimrekodia mwanawe hadithi kwenye kompyuta ile, ili mtoto azisikilize kabla ya kulala. Rafiki yangu hakulijua hilo. Mama wa mtoto alidhani hadithi hizo ziko kwenye simu. Aliyejua zilipo ni mtoto peke yake, na hakuna mtu mzima aliyemwuliza, kwa sababu hakuna mtu mzima anayemwuliza mtoto wa miaka saba kuhusu mpangilio wa mafaili. Alipoletewa kompyuta inayong'aa, akatafuta folda yake, akaikosa, akamwuliza baba yake mdogo imekwenda wapi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, kwa maana ndio kiini cha mhadhara. Mimi sikushtuka. Nilimwambia rafiki yangu asiwe na wasiwasi, nitazirudisha. Nilijifunza kompyuta zama za diski za sumaku, na sote tuliojifunza zama zile tunajua kwamba kufomati kwa haraka hakufuti data yenyewe. Kunafuta orodha tu, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo akadhani amechoma kitabu. Data hubaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilikuwa nimewahi kuokoa picha za watu kwa njia hiyo mara nyingi, na nilijivunia. Nikaichukua kompyuta, nikaianzisha kwa fleshi, nikaendesha PhotoRec, programu ambayo haijali orodha bali hupekua diski yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Nikalala. Asubuhi nikaangalia: faili za mfumo niliousimika mwenyewe, basi. Nikaifungua diski kwa programu ya kuonyesha baiti moja moja. Sifuri. Nikaruka gigabaiti kumi mbele. Sifuri. Nikaruka hamsini. Sifuri.

Ilikuwa diski ya SSD, inayohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani za sumaku zinazozunguka. Katika diski hizo, mfumo endeshi unapofuta au kufomati huipelekea diski amri iitwayo TRIM, inayoiambia kwamba maeneo haya hayahitajiki tena. Na diski, ili iweze kuandika haraka baadaye, huyasafisha yenyewe kwa wakati wake, na ukiyasoma katika diski nyingi hukujibu sifuri. Hakuna programu ya mpenzi wa kompyuta inayopita hapo. Nililijua jambo hilo, na niliwahi hata kulieleza katika kikao kama hiki. Lakini usiku ule nilikuwa na furaha ya kusaidia, na mtu mwenye furaha ya kusaidia hafikiri.

Kumjibu rafiki yangu kulikuwa kugumu kuliko siku ya kumpa pole. Siku ile ya kwanza msiba haukuwa wa mkono wangu.

Najua mnachotaka kusema, maana husemwa kila mara: "Lakini aliagiza mwenyewe ufute." Ndiyo, aliagiza. Aliagiza majuma mawili baada ya kumzika kaka yake, kuhusu kompyuta asiyojua kilichomo, kwa niaba ya mtoto na mjane ambao hakuwauliza. Ninyi mkiletewa kompyuta na mteja aliye katika hali hiyo, mtamwambia nini? Mimi sasa nasema hivi: "Nitaifuta kama ulivyoniagiza, ila kabla ya hapo nitaitoa nakala nzima, nitaifungia kabatini mwaka mmoja bila kuifungua, na siku utakayoniambia niiharibu nitaiharibu mbele yako." Hajatokea aliyekataa. Wawili walirudi kabla ya mwaka kuisha. Mmoja aliniomba niiharibu, nami niliiharibu mbele yake kama nilivyoahidi.

Wapo pia wanaosema kwamba kunakili ni kupekua, na kwamba marehemu ana siri zake. Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya kwanza. Lakini tazameni kazi yenyewe ilivyo: nakala ya sekta kwa sekta haihitaji jicho la mtu. Huoni picha, husomi barua. Unaona asilimia zikipanda. Kupekua ni tabia ya yule anayefungua folda moja moja "kuona kama kuna cha maana", na mtu huyo, samahani, yumo humu ndani. Tena kumbukeni kwamba rafiki yenu si lazima awe ndiye mwenye haki na vitu hivyo. Marehemu anaweza kuwa na mke, mume, watoto au wazazi, na sheria za mirathi hazimtambui rafiki wa familia mwenye bisibisi. Ulizeni ni nani mwenye idhini kabla ya kugusa.

Nikisema nakala, tena, sisemi kuburuta folda ya Picha na folda ya Nyaraka kwenye fleshi. Katika Windows folda ya AppData imefichwa, na humo ndimo programu nyingi za barua na za ujumbe zinamoweka hazina yake. Ukiburuta vinavyoonekana, umeacha nyuma mazungumzo ya miaka. Isitoshe, faili likinakiliwa kwa kuburutwa, tarehe yake ya kuundwa hugeuka kuwa tarehe ya leo. Kwetu sisi hilo ni dogo. Kwa mtu anayetaka kujua mamake aliandika lini orodha ile ya mwisho, si dogo. Wala msiiwashe kompyuta kwa mfumo wake "kutazama tu kidogo". Mfumo endeshi ukiamka huanza kuandika mara moja: kumbukumbu za matukio, masasisho yaliyongoja miezi, mafaili ya muda. Kama marehemu alikuwa amefuta kitu kwa bahati mbaya siku zake za mwisho, ninyi mnakizika mara ya pili. Anzisheni kwa fleshi yenye Linux, mfumo endeshi mwingine, isiyogusa diski, au itoeni diski muichomeke kwenye mashine nyingine kwa kusoma tu.

Kwa diski inayogonga, kama hii, tumieni ddrescue ya GNU, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii penye ubovu. Hupita kwanza kila mahali panaposomeka kwa urahisi, ikijiandikia ramani ya ilipokwama, kisha ndipo hurudi penye kidonda. Diski iliyo karibu kufa ina idadi ya pumzi, na hujui ni ngapi. Hivyo chukua kilicho kizima kwanza. Ukikatika umeme, ramani ipo, unaendelea ulipoachia. Ikiwa kugonga ni kwa mfululizo na diski haitambuliwi kabisa, zima, mpeleke rafiki yako kwa wenye maabara safi, na umweleze gharama kwa uwazi. Na yule ambaye bado anasema diski iwekwe kwenye friji igande ndipo isome: unyevu utatanda juu ya sahani ukishaitoa, na umefanya jaribio juu ya picha za mama wa mtu. Jaribu kwa diski yako.

Wakati umeniishia kuliko nilivyodhani, basi haya mengine nayataja kwa haraka. Kompyuta nyingi za sasa huja diski ikiwa imesimbwa, yaani haisomeki bila ufunguo, na hapo utaratibu hubadilika: mkiikuta imewaka na imefunguliwa, msiizime, ichomekeni chaja, kisha mtafute ufunguo wa kurejesha. Wa BitLocker, usimbaji wa Windows, ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Bila ufunguo, nakala mtakayotoa itakuwa nzima na haitasomeka. Msibadilishe mipangilio ya ubao mama kabla ya hapo.

Laini ya simu ya marehemu isikatwe. Familia hufanya hivyo mwezi wa kwanza ili kupunguza gharama, kisha wanagundua kwamba kila akaunti inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ile. Google ina utaratibu, tangu mwaka 2013, wa mtu kuteua atakayepewa data yake akaunti ikinyamaza. Apple wanao wa aina hiyo tangu Desemba 2021. Akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, kwa hiyo anayesema "vitu vyake viko kwenye wingu, viko salama" ahesabu miezi. Nilikuwa na mengi kuhusu akaunti, nayaacha.

Ila jambo moja sitaliacha, hata mwenyekiti akinionyesha saa. Tukifika kwa aliyefiwa, tuna ugonjwa wetu wa kuuliza, "Alikuwa na nakala ya akiba?" Swali hilo tuliulize sisi kwa sisi. Kwa aliyefiwa ni lawama juu ya mtu asiyeweza kujitetea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu ni diski, kwake ni mtu. Asipouliza habari za kompyuta, msizilete. Zitakuja zenyewe, kwa kawaida usiku, kwa simu fupi yenye maneno yasiyokamilika.

Na akiwaita, nendeni mkanakilie nyumbani kwake, kama inawezekana, badala ya kuibeba. Diski ya sumaku ya gigabaiti 500, hata ikiwa nzima, huchukua saa moja na nusu na zaidi. Ikiwa mbovu, siku nzima. Nyinyi mnaulalamikia mwendo huo. Mimi nimejifunza kuupenda, kwa sababu ni saa moja na nusu ya kukaa na rafiki bila yeyote kulazimika kusema neno, wote mkitazama asilimia. Nimewahi kukaa hivyo na yule rafiki yangu mwenyewe, alipofiwa tena, safari hii na mama yake. Kufikia asilimia 40 tulikuwa hatujazungumza. Kufikia 60 alikuwa ananieleza jinsi mamake alivyokuwa akiandika nywila zake zote kwenye daftari la mapishi, katikati ya vipimo vya unga, na akacheka. Diski za SSD zimetuharibia hilo. Dakika kumi na tano, mmemaliza, mnatafutana macho.

Mwenyekiti amesimama, kwa hiyo nanyamaza. Diski yangu hapa, kama mnavyoona kwenye ukuta, imefika asilimia 97.4, na sasa imeanza kurudi penye ubovu. Ndiyo maana inagonga. Ramani yake iko wazi kwenye skrini ya pili. Atakayependa kujaribu amri mwenyewe aje mbele, waya ni huu wa kijani, na tafadhali msiiinue meza.