Popo au Kiraka: Nani Amkabe Taiti Endi?

NEEMA: Karibuni tena kwenye mazungumzo yetu ya futiboli ya Kimarekani. Ni mimi Neema, niko na kaka Zuberi, ambaye leo kaingia hapa hata salamu hajamaliza.

ZUBERI: Ni ile Ijumaa, dada. Kijana wangu mnamjua, mwaka huu shuleni wamempanga lainibeka, yule mlinzi wa katikati. Wapinzani walikuwa na taiti endi mmoja, yule mshambuliaji anayezuia walinzi na pia kudaka mpira, mtoto wa shule lakini urefu wa mlango. Robo ya tatu akainama, akamsukuma mwanangu kama vile anamfungulia njia mkimbiaji. Mwanangu akaamini, akageuza kichwa kumtafuta huyo mkimbiaji. Kufumba na kufumbua, mtu kashateleza nyuma yake, mpira unamshukia kifuani. Tachidauni, wamefunga.

NEEMA: Jamani. Mpe pole.

ZUBERI: Kwenye gari hakusema neno. Alikuwa anabandua plasta za vidoleni, mojamoja, anazikunja, anazipanga pale tunapoweka vikombe. Tumefika nyumbani ndipo akaniuliza, "Baba, ningemkaba vipi?" Nikakosa jibu. Kwa hiyo leo nimekuja na karatasi, nina masomo matatu.

NEEMA: Kabla ya masomo, tulipe deni. Tuliahidi jina la Kiswahili la taiti endi.

ZUBERI: Kiraka. Watangazaji wetu wa nyumbani wanamwita hivyo mchezaji wa kila nafasi. Huyu anazuia, huyu anadaka. Tuendelee.

NEEMA: Hatuendelei. Kiraka ni wa kuziba pengo: leo beki, kesho kiungo kwa sababu mwenzake kaumia. Taiti endi ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Huyo ni popo.

ZUBERI: Popo?

NEEMA: Si ndege, si mnyama. Mpelekee mnyama, lainibeka mwenye kifua, atamruka. Mpelekee ndege, beki mwepesi, atamlaza kwenye nyasi. Kocha akiingiza popo wawili, ngome lazima ichague kabla mpira haujaanza: tuweke miili au tuweke miguu? Ukiweka miili, wanarusha. Ukiweka miguu, wanapita nao mbio katikati.

ZUBERI: Hata kiraka anakuletea shida hiyo hiyo.

NEEMA: Kiraka gani anayedaka mara 112? Brock Bowers wa Raiders, kwenye NFL, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2024, msimu wake wa kwanza, yadi 1,194. Kabla yake hakuna mgeni wa nafasi yoyote aliyedaka mara nyingi hivyo. Na sisi wa Kansas City tumemwona taiti endi wetu Kelce, yadi 1,416 mwaka 2020. Kaka, hayo ni mabawa.

ZUBERI: Haya, popo wako. Lakini popo anatokea pangoni, na mlango wa pango ni ule mstari wa mwanzo, pale mchezo unapoanzia. Mgonge pale pale. Sheria ya NFL inakuruhusu kumgusa ndani ya yadi 5 za kwanza. Kila mchezo, mlinzi wa pembeni amgonge bega kwanza, ndipo amfuate kotabeki, yule mrusha mpira. Njia ya popo imepangwa kwa sekunde. Ukimchelewesha, kotabeki anatazama pale, hamwoni mtu.

NEEMA: Na yule uliyempa kazi ya kugonga, kotabeki anamfikia saa ngapi?

ZUBERI: Anachelewa, nakubali. Patriots walifanya hivyo fainali ya Februari 2002. Walimgonga Marshall Faulk kila alipotoka, wakawafunga Rams 20 kwa 17.

NEEMA: Faulk alikuwa mkimbiaji, anatokea nyuma, unamwona anakuja. Popo yuko tayari mstarini, na ana mwili wa kukurudishia. Mimi nilicheza netiboli, nilikuwa GD, mlinzi wa goli. Mpinzani mrefu huruhusiwi kumsukuma, unamshinda kwa miguu: unasimama pale anapotaka kusimama yeye. Na hawa popo wengi walilelewa na mpira wa kikapu. Tony Gonzalez alicheza kikapu chuoni. Antonio Gates hakucheza kabisa mpira huu chuoni, alikuwa mtu wa kikapu pale Kent State. Wanajua kukuweka mgongoni na kunyoosha mikono. Mtoe lainibeka mmoja, ingiza sefti wa tatu, yule beki wa nyuma kabisa, awe mrefu. Kyle Hamilton wa Ravens ana karibu sentimita 193.

ZUBERI: Hamilton wako wangapi nchini? Cardinals walidhani wamempata wao mwaka 2020. Wakamchukua Isaiah Simmons, wa 8 kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya, mrefu, mwenye mbio, wa kucheza popote. Mwaka 2023 wakamwachia Giants. Shule ya mwanangu itamtoa wapi huyo sefti? Kugonga anafundishika mtoto yeyote.

NEEMA: Kugonga hakumsaidii mtoto ambaye macho yake yako kwa mkimbiaji. Mwanao hakushindwa nguvu. Alidanganywa.

ZUBERI: Angemgonga kwanza, ule uongo usingepata nafasi.

NEEMA: Si walikuwa wamegongana, kaka! Umesema mwenyewe alisukumwa.

ZUBERI: Alisukumwa. Hakusukuma.

NEEMA: Hapo sikufuati.

ZUBERI: Na mimi sibanduki.

NEEMA: Basi tubaki hivyo, maana zamu yangu inaanza saa tatu na bado sijavaa sare.

ZUBERI: Na masomo matatu?

NEEMA: Soma la kwanza, haraka.

ZUBERI: "Somo la kwanza: kiraka hukabwa..."

NEEMA: Popo.

ZUBERI: Imeandikwa kiraka, dada, niliandika jana.

NEEMA: Futa kwanza. Kijana anacheza tena lini?

ZUBERI: Ijumaa, saa moja jioni.

NEEMA: Nakuja. Namletea maandazi, na nitakaa upande ule wa taiti endi nimwangalie anavyotoka.