Shimo Ndiyo Mahari: Buibui Wachimbaji wa Fukwe za Uruguay

Walimu wangu, wanafunzi, na wazee mliokuja kusikiliza, habari za jioni.

Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa habari ya mchanga. Amewahi kuchimba kisima ufukweni, na anajua kuwa mchanga mkavu wa juu hauchimbiki: ukitoa kiganja kimoja, viwili vinaporomoka. Lakini akivumilia akafika kwenye ule mchanga mweusi, wenye ubaridi, kuta zinasimama. Kaa naye anajua. Siri ni maji kidogo yaliyonasa kati ya punje na punje, yanayozivuta zishikane. Yakikauka, ukuta unamwagika. Yakizidi, ukuta unakuwa uji.

Sasa fikirieni kiumbe mwenye miguu minane, mwili wake haufiki urefu wa kidole chako cha mwisho, anayeishi hapo mwaka mzima. Mchana wa kiangazi, juani, joto la uso wa mchanga huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Upepo haukomi. Kivuli hakuna. Wapo nyigu wanaomtafuta ili wamchome, wamlemaze, watage yai juu yake. Na sentimita kumi tu chini ya miguu yake kuna giza, unyevu na usalama. Maisha yake yote yako katika zile sentimita kumi, na ninachotaka kuwaonyesha leo ni jinsi zilivyobadilisha hata ndoa.

Twende Uruguay. Ni nchi ndogo ya Amerika Kusini, kati ya Brazili na Argentina. Pwani yake ina zaidi ya kilomita 600. Upande mmoja inatazama mlango mpana wa mto Río de la Plata, na upande wa pili Bahari ya Atlantiki. Katika vilima vya mchanga vya pwani hiyo anaishi buibui aitwaye Allocosa senex. Kwa miaka mingi maandishi ya kisayansi yalimwita Allocosa brasiliensis, kwa hiyo mkikutana na jina hilo, ni huyo huyo. Anaye ndugu mdogo, Allocosa marindia, aliyepewa jina la ufuo mmoja wa huko, ambaye mwenendo wake unafanana naye sana.

Wote wawili ni wa ukoo wa Lycosidae. Hawa hawatandi tandabui kwenye pembe za nyumba wakangoja. Ni wawindaji wa miguu. Wana macho manane, na nyuma ya baadhi yake kuna kitambaa kinachorudisha mwanga, kama macho ya paka. Ukivaa tochi kwenye paji la uso usiku, macho yao yanakuwakia kutoka mbali kama matone ya umande. Mchana huwezi kuwaona. Rangi yao ni ya mchanga wenyewe, na isitoshe wamejifungia chini. Hutoka giza likiingia, hasa miezi ya joto, ambayo huko ni Desemba na Januari, wakatafuta sisimizi, mende na nzi.

Katika buibui wengi mnaowajua, jike ni mkubwa na dume ni mdogo. Jike ametulia mahali pake, dume anazunguka akimtafuta, na akimpata anamkaribia kwa hofu, akicheza na kupapasa, kwa sababu akikosea ataliwa. Hiyo ndiyo picha iliyozoeleka. Mwaka 2007 Anita Aisenberg na wenzake Carmen Viera na Fernando Costa, watafiti wa Uruguay, walichapisha habari za Allocosa, na picha ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Kwa Allocosa, dume ndiye mkubwa. Dume ndiye mwenye nyumba. Anachimba shimo refu la kushuka chini, la kiasi cha sentimita kumi, kwa taya na vipapasio, akitoa mchanga mzigo baada ya mzigo, na kuta anazipaka hariri ili zisiporomoke. Jike hana shimo la namna hiyo. Anajifumia kifuko kifupi cha hariri karibu na uso wa mchanga, cha kujisitiri tu. Usiku ukifika, jike ndiye anayetembea. Dume hutoa harufu, na jike huifuata mpaka mlangoni. Akifika, jike ndiye anayeanza kubembeleza.

Halafu anakagua. Neno hilo nalitumia kwa makusudi: madume wenye mashimo marefu ndio waliopata majike zaidi. Na dume aliyekataliwa anaweza kurudi kazini, akaendelea kuchimba, shimo likaongezeka urefu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka karatasi chini, nikatoka nje kidogo. Mnyama mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya mtama anakataliwa, na jibu lake ni kurefusha nyumba!

Wakikubaliana, wanapandana ndani ya shimo. Na hapa ndipo penye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Dume anatoka. Anageuka, anaanza kuuziba mlango kwa nje, na jike naye anasaidia kwa ndani kwa nyuzi zake. Wanauziba pamoja, mmoja huku na mmoja kule. Nyumba sasa ni ya jike. Humo atataga mayai, ayafunge katika kifuko, ayatunze, asitoke mpaka watoto wawe tayari kutawanyika. Kama walivyo wote wa ukoo huu, watoto hupanda mgongoni mwa mama, na mama ndiye anayewatoa nje usiku.

Dume je? Dume yuko nje, hana kitu. Nyumba ameitoa. Akitaka kupata jike mwingine, na akitaka kuliona jua la kesho bila kukauka, lazima achimbe upya.

Kwetu tunalo neno la kitu anachokitoa mwanamume ili ndoa ifungwe. Najua mnyama hafungi ndoa, na sitaki kumvika nguo zetu. Lakini nikisema shimo ndiyo mahari yake, nadhani mnanielewa haraka zaidi kuliko nikichora grafu.

Sasa swali la mwanasayansi: kwa nini huyu, na kwa nini mchangani? Mwaka 1972 Robert Trivers, mwanabiolojia wa Marekani, alieleza hoja ambayo mpaka leo tunaitumia. Jinsia inayogharamia watoto zaidi ndiyo inayochagua. Ile nyingine inashindania. Kwa kawaida jike ndiye anayegharamia, kwa sababu yai ni ghali. Lakini pale dume anapobeba gharama kubwa, mizani inageuka. Mnaotoka kanda ya maziwa mmemwona yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Kwake jike ni mkubwa kuliko dume, na dume ndiye anayeatamia mayai.

Kwa Allocosa gharama ni shimo. Katika udongo wa shambani shimo ni kazi ya kawaida, na pa kujificha ni pengi: chini ya majani, chini ya jiwe, kwenye mizizi. Kwenye kilima cha mchanga hakuna jani wala jiwe. Windo ni haba. Kila punje unayoitoa, upepo unataka kuirudisha. Shimo linalosimama ni mali adimu, na anayeitoa mali adimu ana haki ya kuchagua anayempa. Kwa hiyo dume naye anachagua. Anawapendelea majike ambao hawajapandwa na waliolishwa vizuri. Na kwa masikitiko niseme, wakati mwingine jike anayebisha hodi hapokewi, anashambuliwa na kuliwa. Desturi ambayo kwa buibui wengine ni ya jike kumla dume, hapa nayo imegeuka.

Hebu tutazame mchanga wenyewe, maana kila nililolisema limesimama juu yake.

Mwaka 1896 mfanyabiashara mmoja wa Uruguay, Antonio Lussich, alinunua ardhi ya Punta Ballena, kando ya bahari, akaanza kupanda miti kutoka pande nyingi za dunia. Sehemu kubwa ilikuwa mchanga na miamba, na upepo ulikuwa mkali. Miti ilishika. Wengine walifuata njia hiyo hiyo kwenye fukwe nyingine: misonobari, mikaratusi, mikesia, ili mchanga utulie na miji ya mapumziko ijengwe. Siwezi kuwalaumu. Mtu aliyeona mchanga ukifukia barabara na nyumba yake atapanda mti. Sisi tumepanda mivinje kwa sababu hizo hizo, na mimi nimekulia chini ya kivuli chake.

Lakini nendeni mkatazame chini ya mvinje. Majani makavu yametandika zulia, mizizi imefuma chini, mchanga hauonekani tena. Allocosa anataka mchanga ulio wazi, wenye nyasi za hapa na pale, unaohama kidogo kwa upepo. Ukiushonea zulia, umemfungia mlango. Ongeza hapo barabara inayokwenda sambamba na bahari, ongeza hoteli, ongeza magari yanayopita juu ya vilima, na buibui aliyekuwa na ukanda mrefu wa pwani anabaki na vipande vipande vilivyotengana. Ndiyo maana watafiti wa huko wamemfanya kama kipimo: wakitaka kujua kama kilima bado ni kilima hai, wanamtafuta yeye. Bado kuna mahali mchanga unatembea, kwa mfano Cabo Polonio, ambako vilima vikubwa viko ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2009.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni, kabla sijaanza, kama kwenye fukwe zetu kuna buibui wachimbaji. Ukoo wa Lycosidae umeenea karibu dunia nzima, na Afrika Mashariki tunao. Mwenye nafasi anisubiri baada ya swala ya isha hapo getini, twende ufukweni pamoja. Njooni na tochi, na mzishike usawa wa macho, maana ukiishikia kiunoni mwanga haurudi kwako. Tembeeni polepole, na mtazame kabla ya kukanyaga. Mkiona tundu dogo la duara lenye uzi mweupe mdomoni, msichimbe. Niiteni.