Goti Lisilouma Linaweza Kuwa Bado Halijapona

Ndugu wachezaji, makocha na wazazi, asanteni kwa kuja. Jambo langu kubwa leo ni moja, nalisema mapema: maumivu yakiisha msidhani goti limepona. Wapo wanaorudi uwanjani kwa sababu tu haliumi tena, na hao ndio wanaonitia wasiwasi.

Ligamenti ya mbele ya goti, ile mnayoisikia ikiitwa ACL, inaunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na inauzuia muundi usiteleze mbele. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: ametua vibaya baada ya kuruka, au amegeuka ghafla wayo ukiwa umekita chini. Husikia kitu kikilia ‘pap’, goti linalegea, na baada ya saa chache limevimba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Goti likivimba, mfumo wa neva hupunguza amri zinazokwenda kwenye msuli wa mbele wa paja. Mgonjwa anajaribu kuukaza, hauitikii. Msimwite mvivu. Wiki chache tu na paja limesinyaa, unaliona kwa macho. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kushusha uvimbe, kulinyoosha goti hadi mwisho na kuuamsha msuli huo. Keti, nyoosha mguu, weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, kisha kaza paja kana kwamba unalisukuma goti chini. Hesabu hadi tano, legeza, rudia. Zoezi hili linaonekana dogo mno, na wengi hulidharau. Mimi naliheshimu kuliko mashine zote za chumba cha mazoezi, kwa sababu goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee, na kuchechemea kukishakuwa mazoea ni kazi kubwa kuyaondoa. Kuna wanaolala na mto chini ya goti kwa kuwa wanapata nafuu. Tafadhali uondoeni, unalizoesha goti kukaa limekunjika.

Je, lazima upasuaji? Si kwa kila mtu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia vijana 121 wenye jeraha hili. Waliopangiwa kuanza na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, na kupasuliwa baadaye wakihitaji, zaidi ya nusu yao walikuwa hawajapasuliwa baada ya miaka miwili, na hali ya magoti kwa wastani haikutofautiana na ya waliopasuliwa mapema. Lakini goti likiendelea kuponyoka unapogeuka, au mchezo wako ni wa kukata kona kila mara, zungumza na daktari wa mifupa.

Anayepasuliwa hupandikizwa kipande cha kano, mara nyingi kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Kipande hicho hudhoofika kwanza katika miezi ya mwanzo, mwili unapokijengea mishipa na seli mpya. Na ndicho kipindi ambacho uvimbe umekwisha, mtu anatembea vizuri na marafiki wanamwambia, “Mbona umepona!” Hatari iko hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri kabla ya kurudi mchezoni, hadi miezi tisa baada ya upasuaji, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu.

Miezi tisa peke yake haitoshi, kwa sababu kalenda haijengi msuli. Tunapima nguvu za paja, tunapima kuruka kwa mguu mmoja, na tunataka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Hata hapo tuwe waangalifu: mguu usioumia nao umepumzika miezi yote hiyo, unaweza kuwa umedhoofika, na kipimo kikatudanganya.

Makocha, mchezaji akifaulu vipimo, msimpange kwenye mechi mara moja. Aanze mazoezi bila kugongana, kisha ya kugongana, kisha dakika chache za mchezo. Na akikwambia, “Kocha, goti siliamini,” usimkemee. Hofu hiyo nayo ni sehemu ya jeraha. Mrudishe kwa mtaalamu wake wa fiziotherapia, wafanye tena mazoezi ya kutua na kugeuka, polepole kwanza, hadi ayafanye bila kulitazama goti lake.