Giza la Saa Tatu Asubuhi: Utoto Wangu Leicester

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu, na aliyeniomba alitaraji nisimame hapa nieleze jinsi tulivyoililia Mombasa tulipokuwa Uingereza. Nitamvunja moyo. Niliondoka hapa sijatimiza miaka saba. Mtoto wa umri ule halilii mji, hulilia mpira wake uliosahauliwa uwanjani. Waliolia ni wakubwa. Mji ninaoulilia mimi, na ninasema haya nikiwa nimerudi kwetu siku nyingi, ni Leicester.

Naona mnacheka. Mtu akiwa Ulaya akasema anaitamani Mombasa, watu humhurumia wakampikia pilau. Akiwa Mombasa akasema anaitamani Leicester, huulizwa kama amepima malaria.

Leicester iko katikati ya Uingereza, mbali na bahari upande wowote utakaoelekea. Siku zetu ulikuwa mji wa soksi, fulana na viatu. Ukitafuta picha zake za kutia kwenye kadi utahangaika kidogo: kuna mnara wa saa wa mwaka 1868, kuna soko, kuna mto Soar ambao ukiutupia jiwe linafika ng'ambo. Lakini kazi ilikuwako, kwa wanaume na kwa wanawake, na nyumba zilikuwa rahisi. Ami yangu alikuwa ametangulia, akaandika barua: njooni.

Tulifika Februari 1968. Wazee mnaikumbuka Februari ile, jinsi uwanja wa ndege wa Embakasi ulivyojaa familia na masanduku. Baba ni mtu wa Mji wa Kale, asili yake Kachi, na kama Wahindi wengi wa Kenya alibaki na pasipoti ya Kiingereza baada ya uhuru. London wakatunga sheria ya kutuzuia, wakaipitisha bungeni kwa siku chache tu, ianze kazi tarehe 1 Machi. Aliyewahi, aliwahi. Sisi tuliwahi.

Baba alikuwa fundi wa saa. Kumbukeni hilo.

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe. Mwezi uleule, tarehe 18 Februari 1968, Waingereza walisogeza saa zao mbele kwa saa moja, na safari hii hawakuzirudisha. Walikuwa wanafanya majaribio, na majaribio yenyewe yakaendelea hadi tarehe 31 Oktoba 1971. Maana yake ni kwamba mwezi wa Desemba, Leicester, jua lilichomoza saa tatu na robo asubuhi. Saa tatu na robo! Hapa petu saa hiyo mtu ameshakunywa chai mara mbili na kugombana mara moja. Sisi watoto tulikwenda shule gizani, wengine wamevishwa kanda zinazong'aa mikononi ili madereva watuone. Tukifika, tulikuta taa zimewashwa darasani, na nje ni usiku. Baba alikuwa akisimama dirishani na saa yake mkononi, akisema, "Nchi nzima saa zimeharibika, na hakuna anayenipa kazi." Akaishia kiwandani, kwenye kiwanda cha mashine za kutengenezea viatu.

Bibi yangu, mzaa baba, aliikataa saa ile kabisa. Yeye alilelewa kwamba jua likitoka ni saa kumi na mbili, halina ruhusa ya kutoka saa nyingine yoyote. Basi nyumbani kwetu tulikuwa na saa mbili, ya ukutani ambayo ni ya serikali, na ya Bibi ambayo iko kichwani mwake. Ukimuuliza "Bibi, saa ngapi?" ilibidi useme unataka ya nani. Ramadhani yetu ya kwanza kule ikaangukia mwisho wa Novemba na Desemba. Alfajiri iliingia karibu na saa moja, Magharibi kabla ya saa kumi na moja kutimia. Siku ya tatu Bibi akatangaza, "Huku si kufunga. Huku ni kuchelewa kula cha mchana."

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Highfields. Matofali mekundu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima kama treni iliyokwama. Vyumba viwili juu, viwili chini, choo nje uani. Kazi yangu ya kwanza nchini Uingereza ilikuwa kumsindikiza Bibi chooni usiku na tochi, na kusimama mlangoni nikipiga mluzi, kwa amri yake, ili ajue sijamkimbia. Baridi ikizidi, maji yaliganda kwenye bomba. Jirani yetu, mama wa Kiingereza aliyefiwa na mumewe, akatufundisha dawa yake: tundika taa ya mafuta chooni usiku kucha. Bibi alikuwa amebeba chemli yake kutoka Mombasa, ameifunga ndani ya khanga tatu, na Baba amemcheka njia nzima hadi Nairobi. Chemli ile ikawa na kazi.

Asubuhi nilikuwa naamka, nakuta maua ya barafu kwenye kioo cha dirisha, upande wa ndani. Chumba kilinuka mafuta ya taa, kwa sababu hita yetu ilikuwa ya mafuta. Mlangoni chupa za maziwa zimeshaletwa, na vijidege vyenye kifua cha manjano vimetoboa vifuniko vya karatasi ya fedha, vimekula malai. Nikisikia harufu ya mafuta ya taa leo, popote nilipo, mimi ni mtoto wa Leicester. Wenzangu wanaponusa harufu hiyo hukumbuka kukatika kwa umeme. Mimi nakumbuka mkate wa kuchoma.

Yule jirani ndiye aliyetufundisha pia Kiingereza cha pale, ambacho hakimo kitabuni. Watu wa Leicester wakikuamkia hukuita *me duck*, yaani bata wangu. Mwuza viazi sokoni atamwita hivyo mwanamume mwenye masharubu, na hakuna atakayeshangaa. Mara ya kwanza Bibi alipotafsiriwa, alisimama katikati ya soko, mkono kiunoni: "Bata? Mimi?" Ikabidi Mama amweleze kwamba ni mapenzi. Bibi akafikiri, akasema kwao Mombasa bata hapendwi, huliwa. Lakini baada ya mwaka mmoja alikuwa akimwita jirani yake "bata" kwa Kiswahili, na jirani akiitika.

Mkate mdogo wa mviringo uliitwa *cob*. Kichochoro baina ya nyumba kiliitwa *jitty*. Kupakiwa kwenye baiskeli ya mwenzako kuliitwa *croggy*. Sikujua kwamba maneno haya hayaeleweki kwingine mpaka nilipokwenda London kijana mzima, nikamwambia mtu nimepita kwenye *jitty*, akanitazama kama nimemtukana. Mimi na Kiingereza changu chote nilichokihangaikia, kumbe nilijifunza Kileicester.

Kuna jambo moja ambalo nilichelewa kuliona ajabu yake. Tulipofika, pesa ya Kiingereza ilikuwa kitendawili: peni kumi na mbili shilingi moja, shilingi ishirini pauni moja, na kulikuwa na sarafu ya shilingi mbili na peni sita. Mama alilia dukani. Kwetu shilingi ilikuwa senti mia, basi. Halafu tarehe 15 Februari 1971 wakabadilisha: pauni moja peni mia. Mtaa mzima ukachanganyikiwa, isipokuwa nyumba yetu. Jirani alikuja jikoni kwetu, akaumwaga mkoba wake mezani, akamwambia Mama, "Nihesabie, bata." Mama, aliyeonekana mjinga miaka mitatu, akamhesabia nchi yake. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini ya meza, na sijapata kumwona Mama akikaa wima vile tena. Shilingi ile ya zamani haikutupwa, iliendelea kutumika kama peni tano, na sisi nyumbani tuliendelea kuiita shilingi.

Mwaka uliofuata, Februari 1972, wachimba makaa ya mawe waligoma, umeme ukawa wa zamu. Jioni ya kwanza mtaa ulizimika, watoto wakapiga kelele. Bibi hakusema kitu. Alikwenda chooni, akaiangua chemli, akaifuta kioo kwa gazeti na jivu, akaiweka dirishani. Dakika kumi hazikupita, jirani akabisha hodi. Wakaja na wa nyumba ya tatu. Walikaa chumbani kwetu wanakunywa kahawa ya tangawizi, wamejifunika mablanketi, Bibi akiwasimulia habari za Mombasa kwa Kiswahili, na hakuna aliyeelewa neno, na hakuna aliyeondoka. Kesho yake umeme uliporudi nilinuna.

Agosti mwaka huohuo Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Hapa lazima niseme jambo la kumbukumbu ya umma, wala si la kwetu nyumbani. Tarehe 15 Septemba 1972 halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus. Liliwaambia Waganda wenye asili ya Kihindi kwamba nyumba zimejaa, shule zimejaa, na kwa faida yao wenyewe wasije Leicester. Unaweza kulisoma mpaka leo. Mimi nililisoma nikiwa mtu mzima, na niliposoma nilicheka kwanza, kisha sikucheka. Husemwa kwamba wapo waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Leicester mpaka walipoliona katika tangazo hilo. Uingereza ilipokea watu kama 28,000, na maelfu yao wakaja palepale walipoambiwa wasije.

Miaka iliyofuata haikuwa asali. Chama cha National Front, kilichotaka watu wa rangi warudishwe walikotoka, kilipata kura karibu asilimia 18 katika uchaguzi wa mji wa mwaka 1976. Sisi watoto tulijua njia za kutopita Jumamosi jioni. Naliweka hapa kwa sababu anayesimulia utoto akaruka hilo anauza kadi za picha. Lakini sitakaa hapo, kwa kuwa mtoto hakai hapo.

Nitakaa kwa Bibi. Kabla ya Waganda, Kiswahili chake kilikuwa na wasikilizaji sita, sote wa nyumba moja. Siku moja, Belgrave Road, kwenye duka la vyombo, akamsikia mama wa Kigujarati akimwambia mwuzaji habari ya "sufuria". Bibi akageuka. Wakaanza. Kumbe wale wa Kampala na Jinja walikuja na maneno: sufuria, fagio, kisu, njugu walizoziita *jugu*, muhogo walioufupisha ukawa *mogo*, na mpaka leo mikahawa ya mtaa ule inauza *mogo* kwa jina hilohilo. Bibi alirudi nyumbani uso unang'aa, akavua viatu, akakaa, akasema: "Nimepata watu." Akanyamaza kidogo. "Lakini Kiswahili chao, Mola awasamehe." Ngeli zilikuwa zimeanguka zote njiani, Entebbe huko. Miaka kumi na miwili iliyobaki ya maisha yake aliitumia kuwasahihisha. Wapo mabibi wa Kihindu Leicester, sasa ni wakongwe, wanaosema "kisu hiki" na "visu hivi" kwa lafudhi ya Kimvita, na hawajawahi kuiona Mombasa.

Kila Julai viwanda vilifungwa wiki mbili, mji ukahama kwenda Skegness, pwani ya mashariki. Na sisi tukaenda, mara moja. Maji yalikuwa yamekupwa, huyaoni. Bibi alisimama juu ya mchanga na buibui lake likipeperuka, akatazama kwa jicho la mtu aliyezaliwa karibu na forodha. "Bamvua ni lini?" akauliza, yaani maji makuu. Hakuna aliyejua. "Wavuvi wako wapi?" Hakuna. Akageuka. Hakutaka kwenda tena.

Mpira nitaupitia haraka, maana najua humu mmejaa Arsenal. Aprili 1969 Leicester City ilicheza fainali ya Kombe la FA na Manchester City, golini Peter Shilton, kijana wa miaka 19, mzaliwa wa palepale. Tukafungwa moja bila, na msimu uleule tukashuka daraja. Nilichagua timu yangu wiki hiyo. Kombe lile tulilitwaa Mei 2021, mbele ya Chelsea, moja bila. Nilitazama hapa Mombasa pamoja na wajukuu wa dada yangu, wote Chelsea. Sikuwaambia nilikuwa nalilia nini, nao wakadhani ni bao.

Nilirudi kuutazama mtaa miaka michache iliyopita. Nyumba ipo. Mlango wamepaka kijani. Nikazunguka nyuma kwa kichochoro, nikachungulia uani, choo hakipo, pamewekwa baiskeli za watoto. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mama wa Kisomali, kijana, mikono ina unga. Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza, nikababaika, likanitoka "samahani".

Akanitazama vizuri. "Wewe wa wapi, ami?"

Nikamwambia, wa hapa. Nikamwonyesha kwa kidole palipokuwa na choo, na msumari uliotundikiwa chemli, ambao ulikuwa bado upo ukutani, umefanya kutu. Alikuwa amekulia Eastleigh, Nairobi. Akautazama ule msumari kwa muda.

"Mimi naanikia kamba ya nguo hapo," akasema. "Ingia ndani, baridi hii itakuua."

Nikavua viatu.