Nyumba Kwanza, Chupa ya Chai Baadaye

ZUHURA: Haya jamani, karibuni tena. Ni sisi wale wale, kutoka Houston, Texas. Kaka Salim leo kaja anachechemea, akaniambia nisimuulize mpaka kipindi kianze. Kimeshaanza. Mguu umepatwa na nini?

SALIM: Kochi, dada Zuhura. Kochi la watu watatu, ngazi mpaka ghorofa ya pili, na wale vijana walioniahidi kuja kusaidia wakafika tumeshamaliza. Lakini wakiniita kesho, naenda tena.

ZUHURA: Mlikuwa mnamhamisha nani?

SALIM: Mzee mmoja, jina lake nalihifadhi. Amekaa miaka chini ya daraja la barabara kuu ya 59, pale wengi wenu mnapopita mkielekea mjini. Alhamisi kapata apatimenti huku kwetu kusini-magharibi. Chumba, sebule, jiko, bafu. Mkataba umeandikwa kwa jina lake. Sisi wa msikitini tukapewa jukumu la vyombo, kanisa la jirani likaleta kitanda na hilo kochi lililoniumiza.

ZUHURA: Na mwenyewe alipokeaje?

SALIM: Ngoja nikuambie. Meneja wa jengo akampa ufunguo. Mzee hakuingia. Akauliza, "Nani mwingine ana ufunguo wa mlango huu?" Meneja akamjibu kwamba ofisi inao mmoja wa dharura. Mzee akasema, "Nionyeshe palipoandikwa mtautumia lini." Tuko pale nje, kochi tumeliegemeza ukutani, meneja anafunua mkataba karatasi kwa karatasi mpaka akaweka kidole kwenye kifungu chenyewe. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Alipomaliza ndipo akasema, "Haya, ingizeni."

ZUHURA: Ana haki kabisa. Mtu aliyekuwa akiamshwa usiku na tochi usoni, ahame hapa, ondoa hema lako, huyo mlango una maana kwake kuliko kwangu mimi na wewe.

SALIM: Kabisa. Sasa mimi, mbali na vyombo vya msikiti, nikampelekea zawadi yangu. Chupa ya chai.

ZUHURA: Ya maua?

SALIM: Ya maua mekundu, ile ya kubonyeza juu.

ZUHURA: Mzee wa Texas! Kaka Salim, Wamarekani hawa kahawa yao ni kikombe kimoja kimoja, chupa ya chai aifanyie nini?

SALIM: Sikiliza basi. Jana nikapita kumjulia hali. Naiona chupa imewekwa katikati ya meza, nikafurahi, nikachukua kikombe nijimiminie. Nabonyeza, yanatoka maji ya barafu.

ZUHURA: [anacheka] Barafu!

SALIM: Imejaa barafu mpaka shingoni! Nikamuuliza, akaniambia chini ya daraja, mwezi wa nane, kitu alichokitamani kuliko chakula ni maji yatakayokaa baridi mpaka jioni. Unajua joto la hapa. Sasa ana friji, lakini anasema friji iko jikoni, na yeye anataka maji yake yawe pale alipokaa.

ZUHURA: Sawa, nimemwelewa. Lakini chupa ya chai ni ya chai. Kwetu Kigoma ukiweka barafu mle mama atakwambia umeiharibu, haitatunza moto tena.

SALIM: Kinachotunza moto ndicho kinachotunza baridi, dada.

ZUHURA: Mwambie mama yangu hivyo.

SALIM: Siwezi. Namheshimu.

ZUHURA: [anacheka] Haya. Na kingine mlimpelekea nini? Maana programu ya makazi iliyompa apatimenti inalipa kodi, hailipii mwiko.

SALIM: Hapo umegusa penyewe. Watu wanadhani ukishapata vocha ya nyumba, ule msaada wa serikali wa kukulipia kodi, mambo yamekwisha. Unaingia ndani, kuta nne na kapeti. Hakuna sufuria, hakuna shuka, bafuni hakuna pazia, ukioga maji yanamshukia jirani wa chini na kesho yake ana malalamiko. Sisi tuliandika orodha. Sufuria mbili, kikaangio, sahani, taulo, ndoo, fagio, balbu za akiba, na kifungua kopo. Hicho mzee mwenyewe alikiomba. Makopo alikuwa akiyafungua kwa kuyasugua kwenye saruji.

ZUHURA: Mkeka?

SALIM: Mkeka hapana.

ZUHURA: Udi?

SALIM: Dada Zuhura, udi? Na kengele ya moshi iko juu ya kichwa?

ZUHURA: Nyumba mpya haiingiwi bila kufukizwa! Lakini kweli, shangazi yangu alifukiza hapa hapa Houston, jengo zima likatoka nje na watoto wamevaa nguo za kulalia. Zimamoto wakaja. Shangazi akawakaribisha chai.

SALIM: Kutoka kwenye chupa.

ZUHURA: Kutoka kwenye chupa! Ya moto! Ndiyo maana nakwambia, mgeni akija ghafla humkaribishi kwa barafu.

SALIM: Kwa joto la Julai ningekunywa hiyo barafu na kuomba tena.

ZUHURA: Haya, turudi. Tuliahidi mambo matatu ya kujifunza kutoka mji wetu huu kuhusu kuwapatia nyumba wasio na makazi, na bado hata moja. Anza.

SALIM: La kwanza ni kufanya kazi kwa pamoja, na hili nataka watu walielewe vizuri, kwa sababu Houston si mji unaosifiwa kwa huruma. Mwaka 2011 walihesabiwa watu zaidi ya 8,000 wasio na makazi kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikauweka kwenye orodha ya miji kumi yenye hali mbaya inayohitaji kushughulikiwa haraka. Meya alikuwa Annise Parker. Kabla ya hapo, kila shirika lilikuwa na mlango wake, fomu zake na orodha yake. Mtu asiye na mahali pa kulala ndiye aliyezunguka mji mzima na makaratasi akieleza shida ile ile kwa watu tofauti. Walichofanya ni kuyaketisha mashirika zaidi ya 100 kwenye mpango mmoja, na orodha moja. Ukihojiwa na yeyote, umeingia. Anayeitwa kwanza si aliyefika mapema, ni yule ambaye hali yake ni mbaya zaidi.

ZUHURA: Na wenye majengo?

SALIM: Kuna watu kazi yao ni kuzungumza na wenye majengo tu. Mpangaji anachangia sehemu ya kipato chake, kama theluthi hivi, programu inalipa iliyobaki, na kukitokea tatizo meneja ana namba ya kupiga, hahangaiki peke yake. Afisa ustawi anaendelea kuja. Mzee hakuambiwa aache pombe kwanza, wala apate kazi kwanza. Nyumba kwanza, mengine yanafuata. Njia hiyo aliianza mwanasaikolojia Sam Tsemberis kule New York mwaka 1992, Finland wakaifanya sera ya taifa tangu 2008, wakayageuza mabweni ya kulala usiku mmoja kuwa apatimenti za watu kukaa. Hapa Houston kufikia 2022 watu zaidi ya 25,000 walikuwa wameshaingizwa kwenye nyumba, na hesabu ya wasio na makazi ya 2024 ilikuwa watu kama 3,280. Imeshuka kwa zaidi ya nusu.

ZUHURA: Na tuwe wakweli, mji huu kodi yake ni nafuu kuliko New York au San Francisco. Wanajenga, sheria za ujenzi hazibani. Mpango mzuri bila vyumba vitupu ungebaki kwenye karatasi.

SALIM: Sikatai. Lakini Dallas nako kulikuwa na vyumba.

ZUHURA: Sawa. Sasa kaka Salim, umesema hesabu. Nataka nikae hapo.

SALIM: Najua unakokwenda.

ZUHURA: Acha nifike. Mnajua kazi yangu ni ukalimani, na wengi ninaowatafsiria ni familia za Wakongo. Wiki hii nilikuwa na mama mmoja, watoto wanne, wanalala sebuleni kwa binamu yake. Binamu naye ana wake. Mkataba unaruhusu watu watano, ndani wako kumi na mmoja. Mtoto akirudi shuleni wanamwambia apite nyuma, asionekane na meneja. Shuleni mtoto huyo ameandikwa kwamba hana makazi, kwa sababu McKinney-Vento, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wasio na makazi, inamhesabu anayeishi kwa watu kwa kukosa uwezo. Mama akienda kuomba nyumba anaambiwa hahesabiki, kwa sababu ana paa. Watoto hao hao! Usiku wa hesabu, Januari, watu wanapita madarajani na kwenye mabweni. Sebuleni kwa binamu hapiti mtu.

SALIM: Kwa sababu aliye sebuleni hafi kwa baridi usiku huo.

ZUHURA: Kwa hiyo nimwambie nini? Akalale nje na watoto wiki moja ndipo aonekane?

SALIM: Hapana, usimwambie hivyo. Lakini tazama upande wa pili. Houston imefanikiwa kwa sababu ilichagua. Ilisema hela hizi ni za aliye chini ya daraja, mgonjwa, aliyekaa muda mrefu. Ukiwaingiza wote wanaobanana kwa ndugu kwenye orodha ile ile, huyu mzee wangu anakuwa mtu wa elfu ngapi? Anafia pale pale.

ZUHURA: Nani kasema iwe hela ile ile? Mimi nataka wahesabiwe. Asiyehesabiwa habajetiwi.

SALIM: Na ukimhesabu bila bajeti umempa ahadi hewa. Mashirika yataanza kuchukua walio rahisi, familia yenye mama anayefanya kazi, kwa sababu matokeo yake yanapendeza kwenye ripoti. Walio kama mzee wataachwa. Ndivyo ilivyokuwa zamani.

ZUHURA: Kaka Salim, sisi tunaadhibiwa kwa undugu wetu. Mwafrika hamwachi mtoto wa mwenzake alale nje. Matokeo yake, kwenye takwimu sisi hatuna shida. Halafu binamu anafukuzwa kwa kuvunja mkataba, na sasa familia mbili ziko nje. Hapo ndipo mnatuona!

SALIM: Hapo kuna programu za kuzuia watu wasifukuzwe, za kumsaidia binamu na kodi...

ZUHURA: Ambazo hela zake huisha kabla mama hajapata fomu ya Kiswahili.

SALIM: Hilo ni kweli. Lakini bado nasema mlango wa dharura ni wa mahututi. Ukiufungua kwa kila mgonjwa, mahututi hafiki kitandani.

ZUHURA: Na mimi nasema anayekataliwa mlangoni leo ndiye mahututi wa mwakani.

SALIM: Hatutakubaliana.

ZUHURA: Hatutakubaliana, na sibadilishi neno.

SALIM: Hata mimi.

[Kimya kidogo.]

ZUHURA: Kuna ujumbe wa sauti umeingia kutoka kwa msikilizaji wetu, anasema... [anasikiliza, anacheka] anasema kwao Zanzibar chupa ya chai huwekwa ubuyu wa barafu Ramadhani, na mama yangu aende akatafiti.

SALIM: Alhamdulillahi! Nilikwambia!

ZUHURA: Ubuyu si chai! Mnazidi kunipa ushahidi. Chombo kina jina, kina kazi yake.

SALIM: Mzee wangu ana chombo chake, ndani ya nyumba yake, aweke anachotaka. Akitaka afuge samaki.

ZUHURA: [anacheka] Hapo sina la kusema, nyumba ni yake. La pili lilikuwa nini?

SALIM: La pili lilikuwa hela zinatoka wapi, na hii amri aliyotia saini Rais Trump Julai 2025, inayotaka serikali iache kuunga mkono sera ya nyumba kwanza. Na hilo linahitaji saa nzima, maana vocha ya mzee ni hela ya serikali kuu, na mwaka kesho sijui...

ZUHURA: Dakika tuna nne. Na wewe una zamu.

SALIM: Zamu saa nane. Basi la pili tuache. Na la tatu?

ZUHURA: La tatu tuache pia. Dakika hizi nataka nizitumie kwa yule mama na walio kama yeye, maana wanatusikiliza. Sikilizeni. Kama unaishi kwa ndugu au rafiki kwa sababu umepoteza nyumba au huwezi kodi, nenda shule ya mtoto. Kila wilaya ya shule Marekani ina afisa wa watoto wasio na makazi, ni lazima kisheria. Mtoto ana haki ya kuandikishwa mara moja hata kama vyeti havijapatikana, ana haki ya kubaki shule yake ya awali ikiwa hilo lina manufaa kwake, na ana haki ya usafiri wa kumfikisha huko. Usione haya, na usiseme "tunatembea tu kwa binamu." Sema ukweli.

SALIM: Na kwa Texas nzima, ukitaka kujua msaada wa kodi au mahali pa kulala, piga 2-1-1. Omba mkalimani. Ni bure.

ZUHURA: Sema "Swahili" tu, usikate simu, subiri.

SALIM: Wakati mwingine utasubiri sana.

ZUHURA: Subiri hata hivyo. Andika jina la aliyekuhudumia na tarehe. Haya kaka Salim, kimbia zamu.