Kabla Damu Haijatolewa: Bei ya Keshi na Bei ya Bima kwa Kipimo Kimoja

Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za mchana.

Tukitaja bei ya kipimo hapa Moshi, swali la kwanza liwe hili: ndani yake kuna nini? Mtu anafika dirisha la malipo, anauliza, “Vipimo vya figo bei gani?” Anatajiwa. Anavuka barabara, anauliza vile vile, anatajiwa nusu yake, anafurahi. Kumbe kule walihesabu kreatinini, yurea, sodiamu na potasiamu, na huku ni kreatinini peke yake. Huyo hajalinganisha bei.

Chukueni kipimo cha mafuta kwenye damu. Karatasi ya majibu ina mistari minne: kolesteroli yote, HDL (kolesteroli nzuri), LDL (kolesteroli mbaya) na trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta. Maabara nyingi hupima mitatu, kisha LDL huipata kwa hesabu: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseraidi iliyogawanywa kwa 2.2, majibu yakiwa katika milimoli kwa lita. Ni njia halali kabisa. Ila trigliseraidi ikizidi 4.5, hesabu hiyo haiaminiki na LDL inabidi ipimwe yenyewe. Basi ulizeni: LDL mnaipima au mnaikokotoa? Mnatoza kwa jumla, au kila mstari na bei yake?

Sasa bima. Mwenye kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hospitali inaudai Mfuko kwa bei za kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, na kitita kipya kilianza Machi 1, 2024. Kwake yeye, la kujua ni kama kipimo kimo kwenye kitita na kama kinaruhusiwa kwa ngazi ya kituo alichopo. Kipimo kinacholipiwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, si lazima kilipiwe kwenye zahanati ya kijijini.

Kwenye bima za kampuni binafsi ndipo watu wengi wanaumia bila kujua. Kadi nyingi zina kikomo cha mwaka cha matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa. Tufanye hesabu ya mfano: kikomo ni shilingi 600,000. Kipimo kwa keshi ni 25,000, lakini hospitali na kampuni ya bima wamepatana 40,000. Ukitoa kadi, mfukoni hakitoki kitu, ila kikomo kimeshuka hadi 560,000. Ukipima kila miezi mitatu, kwa mwaka kadi imekatwa 160,000 kwa kipimo ambacho keshi kingekuwa 100,000. Mgonjwa wa kisukari anayechukua dawa kila mwezi kwa kadi hiyo hiyo anaweza kuikuta imekauka mwaka haujaisha, na akilazimika kupimwa tena, anatoa zote mwenyewe. Ushauri wetu: ukiweza, vipimo vidogo lipa keshi, kadi iwekee vile vizito. Mwambie mhudumu mapema, kabla hujafunguliwa faili kama mgonjwa wa bima, maana fomu ikishasainiwa kugeuza ni kazi.

Na fomu yenyewe isomeni. Daktari akiandika mafua, halafu akaagiza potasiamu, madai yanaweza kukataliwa, kwa sababu ugonjwa ulioandikwa hauelekei kipimo. Ukijipeleka maabara bila kuandikiwa na daktari, kwa kawaida bima hailipi. Usisaini kabla vipimo havijaorodheshwa. Kwenye nafasi tupu ndipo kipimo ambacho hakikufanyika hupenya, na kikomo kinachopungua ni chako.

Tuseme pia juu ya bei ya chini sana. Wakati mwingine ni kwa sababu sampuli inasafirishwa kwenda maabara kubwa Arusha au Dar es Salaam, na hilo si kosa. Ila kwa potasiamu muwe waangalifu. Damu ikikaa saa nyingi bila kutenganishwa, hasa kwenye friji, potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe nyekundu na kuingia kwenye majimaji ya damu. Jibu linapanda, mgonjwa anaogopeshwa na hatari isiyokuwepo, anatobolewa tena, analipa tena. Ulizeni: damu itazungushwa kwenye mashine na kutenganishwa hapa hapa kabla ya kusafiri?

Anayelipa keshi ili arudishiwe na kampuni yake achukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na karatasi ya daktari, na ahakikishe jina la kipimo limeandikwa. Risiti iliyoandikwa “maabara” tu inaweza kukataliwa.